Drafti ya besiboli: jinsi ya kumchagua kijana, kumlipa na kumkuza hadi Ligi Kuu

Katika besiboli ya Marekani, kijana anayechaguliwa Julai hii huenda akachukua miaka mitatu, minne, hata sita kabla ya kusimama kwenye uwanja wa Ligi Kuu. Wengi hawafiki kabisa. Kwa hiyo drafti (siyo ile ya kete, bali zoezi ambalo klabu 30 hupeana zamu za kuchagua vijana) haifanani na ya mpira wa kikapu, ambako anayechaguliwa Juni anacheza Oktoba. Hapa unanunua mbegu, na mbegu ina shamba lake. Klabu nyingi hukosea kwa sababu wanaochagua wako chumba kimoja na wanaofundisha wako kingine, na hawazungumzi mpaka kijana ameshasaini. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kudhani kwamba watu hao wanakaa meza moja tangu mwanzo.

1. Ijue zamu yako kabla ya majina

Tangu 2021 drafti ina raundi 20. Hadi 2019 zilikuwa 40. Wanaoruhusiwa kuchaguliwa ni waliomaliza sekondari, wanafunzi wa vyuo vya miaka minne waliomaliza mwaka wa tatu au waliofikisha miaka 21, na wa vyuo vya miaka miwili wakati wowote. Wawe wakazi wa Marekani, Kanada au Puerto Rico. Kijana wa Jamhuri ya Dominika, Venezuela au Uganda hapitii mlango huu: husajiliwa moja kwa moja kuanzia umri wa miaka 16, dirisha lake hufunguliwa Januari 15, na fedha zake hutoka kwenye kapu jingine. Warushaji wawili wa Uganda waliosajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022 walipitia huko.

Tangu drafti ya 2023, nafasi sita za kwanza hupangwa kwa bahati nasibu kati ya timu 18 zilizokosa mtoano, na timu tatu za mkiani zina nafasi sawa ya asilimia 16.5 kila moja kupata namba moja. Zaidi ya hapo, klabu haiwezi kula matunda ya bahati nasibu kila mwaka: klabu zinazochangia mfuko wa mgawanyo wa mapato haziruhusiwi miaka miwili mfululizo, na zinazopokea haziruhusiwi mitatu. Chicago White Sox walipoteza michezo 121 mwaka 2024, lakini kwa kanuni hiyo wakachagua katika nafasi ya 10 mwaka 2025. Usipange kuboronga msimu kwa makusudi ukitegemea drafti ikuokoe. Zamu nazo haziuzwi wala kubadilishwa, isipokuwa zile chache za nyongeza wanazopewa wenye soko dogo au mapato madogo.

2. Panga orodha kwa kile unachoweza kukirekebisha

Wasaka vipaji hupima kwa alama 20 hadi 80. Alama 50 ni mchezaji wa wastani wa Ligi Kuu, na siyo wastani wa shule. Mpigaji hupimwa katika mambo matano: kuugonga mpira, nguvu, mbio, mkono na udakaji. Kila jambo hupewa alama mbili, ya leo na ya anakotarajiwa kufika. Shika saa mkononi: mpigaji wa mkono wa kulia anayekimbia kutoka sahani (anaposimama kupiga) hadi beisi ya kwanza (kituo cha kwanza cha kukimbilia) kwa sekunde 4.3 ni wa wastani; wa kushoto, ambaye yuko karibu zaidi na beisi, 4.2. Mdakaji (anayechuchumaa nyuma ya sahani) anayetoa mpira kutoka kwenye glavu yake hadi beisi ya pili kwa sekunde 2.0 ni wa wastani.

Alama hizo ni mwanzo tu. Karibu na kila jina, mtu wa idara ya ukuzaji aandike mstari mmoja: nini kinapungua, na je, klabu hii ina mwalimu na kifaa cha kukirekebisha? Nguvu za mwili zinaongezeka kwa chakula na vyuma. Mrushaji mwenye kasi anaweza kufundishwa slaida mpya (mrusho unaopinda kwa pembeni) ndani ya kipindi kimoja cha mapumziko. Jicho la mpigaji, yaani kujua upi wa kuuacha na upi wa kuupiga, hubadilika polepole mno, na kwa wengine halibadiliki. Kwa hiyo kati ya wapigaji wawili wenye alama sawa, mchague anayeuacha mpira mbaya na kuugusa ulio mzuri, hata kama umbo lake halijajaa. Mwenye mabega mapana anayekosakosa mpira ndani ya eneo la straiki (pale mpira unapofaa kupigwa) anavutia macho mazoezini, na ndiye anayekwama Double-A, ligi ndogo iliyo ngazi ya pili chini ya Ligi Kuu.

Kabla ya kuamini takwimu za kijana, zichuje kwa mambo matatu. La kwanza ni gongo: sekondari na vyuo hutumia la chuma, wenye kulipwa hutumia la mbao, ambalo sehemu yake ya kupigia vizuri ni ndogo. Tafuta alivyocheza kiangazi kwenye ligi za gongo la mbao, hasa Cape Cod kule Massachusetts. La pili ni mwinuko wa uwanja. Kwenye hewa nyepesi ya New Mexico mpira unaruka mbali, na mapigo ya wastani yanageuka hom rani (pigo linalovuka uzio). La tatu ni umri kwa siku, siyo kwa darasa. Mhitimu wa sekondari mwenye miaka 17 na miezi 9 na mwenzake wa miaka 19 wanaweza kuwa na takwimu zilezile, lakini mmoja ana zaidi ya mwaka wa kukua mbele yake.

Usiwatupe wanaocheza nafasi isiyowafaa. Jacob deGrom alikuwa shotistopu (mlinzi wa kati ya beisi ya pili na ya tatu) wa Chuo Kikuu cha Stetson aliyeanza kurusha akiwa amechelewa. New York Mets wakamchukua raundi ya 9 mwaka 2010, na akashinda tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, mara mbili mfululizo, 2018 na 2019. Mkono wenye nguvu ni mtaji popote unapoukuta.

3. Gawa kapu la bonasi

Hapa ndipo mkakati ulipo hasa, na inafaa kutulia.

Kila nafasi katika raundi 10 za kwanza ina bei elekezi, yaani makadirio ya bonasi anayolipwa kijana ili asaini. Namba moja ya 2025 ilikuwa dola 11,075,900, kisha bei hushuka kadiri zamu zinavyosonga. Jumla ya bei elekezi za nafasi zako zote ndiyo kapu lako, na ndani ya kapu unaweza kumlipa mmoja chini ya bei na mwingine juu yake. Kuanzia raundi ya 11 hadi ya 20, bonasi isiyozidi dola 150,000 haihesabiwi kwenye kapu. Ikizidi, ziada tu ndiyo huhesabiwa.

Ukivuka kapu kwa hadi asilimia 5, unalipa kodi ya asilimia 75 ya kiasi ulichozidisha. Ukivuka zaidi ya 5, unapoteza pia chaguo lako la raundi ya kwanza la mwaka unaofuata. Chukua kapu la dola milioni 12: mwisho wa usalama ni dola 12,600,000, na kodi yake ni 450,000. Lipa hiyo kodi bila kuumia roho. Kwa dola 600,000 za ziada unapata kijana wa sekondari ambaye vinginevyo angeenda chuoni. Asilimia 5 ndio ukuta. Hakuna mchezaji anayestahili kuupitia.

Mfano unaofundisha ni wa Houston Astros mwaka 2012, mwaka wa kwanza wa utaratibu huu. Walikuwa na namba moja, bei elekezi dola milioni 7.2. Wakamchagua Carlos Correa, shotistopu wa miaka 17 kutoka Puerto Rico, akasaini kwa milioni 4.8. Akiba ya milioni 2.4 wakaielekeza kwa Lance McCullers Jr., nafasi ya 41, aliyelipwa milioni 2.5, na Rio Ruiz wa raundi ya 4, milioni 1.85. Correa na McCullers wakafika Ligi Kuu mwaka mmoja, 2015. Mbinu hiyo haimaanishi kumchukua mchezaji hafifu ili kubana fedha. Inafanya kazi pale tu ambapo majina matatu au manne ya juu yanakaribiana katika orodha yako na mmoja wao yuko tayari kupokea pungufu. Kama mmoja amewaacha wenzake mbali, mlipe. Mwaka 2023 Pittsburgh Pirates walimpa Paul Skenes milioni 9.2, na mwaka uliofuata akawa chipukizi bora wa Ligi ya Taifa, mojawapo ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu.

Nguvu ya kijana mezani inategemea pa kurudi. Wa sekondari ana chuo kinachomsubiri. Wa mwaka wa tatu anaweza kurudi kwa mwaka wa nne, na tangu 2021, wanafunzi waliporuhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, kurudi kunalipa. Mhitimu wa mwaka wa nne hana pa kwenda. Ndiyo sababu klabu hutumia raundi za 6 hadi 10 kuwasajili baadhi yao kwa bonasi ndogo sana, ili nafasi zile zilete akiba. Hawa waambie ukweli kuhusu fedha hizo kabla hujawataja, na uwape nafasi halisi ya kucheza. Wapo wanaofika.

4. Bei na afya, kabla ya jina kutajwa

Asiposaini kijana wa raundi 10 za kwanza, bei elekezi yake yote hutoka kwenye kapu. Hilo ndilo linaloua mipango. Mwaka 2014 Houston walimchagua mrushaji Brady Aiken namba moja, kisha wakapunguza ofa baada ya vipimo vya kiwiko chake. Hakusaini. Fedha zake zikatoweka, na mkataba waliokubaliana na mrushaji mwingine, Jacob Nix, ukavunjika kwa kuwa ulitegemea akiba hiyo. Kwa bahati kanuni hutoa fidia kwa asiyesaini wa raundi tatu za kwanza: mwaka uliofuata walipata namba mbili, wakamchukua Alex Bregman. Lakini usijenge bajeti juu ya fidia.

Basi fanya hivi wiki mbili kabla:

- Pata kiasi anachotaka kijana kupitia wakala wake au wazazi, kwa tarakimu na si kwa maneno kama "ofa nzuri".
- Soma picha za kiwiko na bega kupitia mpango wa vipimo wa kabla ya drafti. Ukimchagua aliyewasilisha vipimo hivyo, utatakiwa kumpa ofa isiyopungua asilimia 75 ya bei elekezi, kwa hiyo mashaka yako yaishe kabla, si baada.
- Kwa kila chaguo la bei ya juu, andika mbadala wawili wa bei ileile.
- Mfuatilie yule wa ghali zaidi katika raundi za 11 na 12. Ni akiba yako iwapo mmoja wa juu atabadili mawazo.

Siku yenyewe ni ya kufuata karatasi. Anayebadili mpango saa tatu usiku kwa sababu jina kubwa limeshuka hadi zamu yake mara nyingi hugundua kwamba wengine 20 walikuwa wameuliza bei, wakaambiwa, wakapita.

5. Miezi miwili ya kwanza: pima, usifundishe

Kijana wa chuo amecheza michezo takriban 56 tangu Februari. Wa sekondari pengine 30. Msimu wa Single-A, ligi ndogo ya ngazi ya chini, una 132, siku sita kwa wiki, Jumatatu pekee mapumziko. Mwili haujui mzigo huo. Mrushaji aliyetoka chuoni apumzike, arushe kidogo au asirushe kabisa mpaka majira ya kupukutika.

Katika kipindi hicho mpime: uzito, mwendo wa nyonga na bega, kasi ya gongo, kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo, mizunguko ya mpira kwa dakika kwa kifaa kama Trackman au Rapsodo, na mkono wake kwa kamera ya kasi kubwa wakati mpira unaachia vidole. Kosa la kawaida ni kocha mpya kubadili mtindo wa kijana wiki ya kwanza. Hujui bado kipi kilimfikisha hapo.

Kisha andika mpango wa ukurasa mmoja. Malengo mawili, yasizidi. Kila lengo liwe na kipimo na tarehe: "kupunguza kufuatilia (kujaribu kuipiga) mipira iliyo nje ya eneo la straiki kutoka asilimia 34 hadi 28 kufikia Juni" ni lengo, "kuwa mvumilivu zaidi" si lengo. Kijana ausome na aueleze kwa maneno yake mwenyewe. Kama anazungumza Kihispania, uandikwe kwa Kihispania. Kocha wake anapohamishwa, na huhamishwa mara kwa mara, ukurasa huo uende na kijana, la sivyo kila ngazi itamfundisha jambo jipya na kulifuta la zamani.

Chakula na kitanda ni sehemu ya mafunzo. Tangu 2022 klabu za Ligi Kuu hutoa makazi kwa wachezaji wengi wa ligi ndogo, na mkataba wa 2023 ulipandisha mshahara wa Single-A hadi dola 26,200 kwa mwaka. Kabla ya hapo vijana walilala sita kwenye chumba kimoja na kula mikate, halafu klabu zikashangaa mbona hawaongezeki uzito.

6. Mkono wa mrushaji

Mpangilio wa mazoezi unaoongeza kasi ndio huohuo unaochosha ligamenti ya kiwiko. Upasuaji wake, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1974 na daktari Frank Jobe kwa mrushaji Tommy John, humweka mtu nje kwa miezi 12 hadi 18.

Hesabu kila mrusho, si ya mchezoni tu. Mipira 35 ya kupasha mwili na 30 ya mazoezi ya katikati ya wiki inatoka kwenye mkono uleule. Ongeza jambo moja kwa wakati: ukiongeza kasi, shikilia idadi, ukiongeza idadi, usifundishe mpira mpya. Dalili za kuangalia ni kasi kushuka kwa kilomita 2 au 3 kwa saa kati ya mchezo na mchezo, mpira kuanza kuachiwa chini kuliko kawaida, na kijana kuanza kujinyoosha mkono kila baada ya mrusho. Ukiona mbili kati ya hizo, mtoe siku hiyohiyo, hata kama anakataa. Hasa kama anakataa.

Kwa wenye miaka 18 au chini kuna mwongozo wa Pitch Smart, ambao kocha wa shule Kampala, Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuutumia kwa kalamu na daftari tu. Ukomo kwa siku: miaka 11–12 mipira 85, 13–16 mipira 95, 17–18 mipira 105. Mapumziko kwa wa miaka 15–16: akirusha 31–45 siku moja, 46–60 siku mbili, 61–75 siku tatu, 76 na zaidi siku nne. Na kila mwaka apate miezi minne bila kurusha katika mashindano. Msaka vipaji naye autumie kinyumenyume: aulize kijana alirusha mingapi akiwa na miaka 14, na kwa timu ngapi kwa wakati mmoja.

7. Kupandisha ngazi

Ngazi ni viwanja vya kujifunzia vya Florida na Arizona, kisha Single-A, High-A, Double-A, Triple-A. Mruko mgumu ni wa Double-A, kwa sababu hapo warushaji wanaanza kutupa mpira wa kupinda hata wakiwa nyuma kwa hesabu ya mipira mibaya na straiki. Usipandishe kwa wastani wa mapigo pekee. Subiri mpigaji asimame kwenye sahani mara 200 hadi 300, kisha uliza: anafuatilia mingapi ya nje? Anaukosa mara ngapi mpira ulio ndani? Je, lengo la ukurasa wake limetimia? Kijana anayepiga vizuri bila kutimiza lengo anashinda kwa nguvu tu, na ngazi ya juu itamkamata.

Mrundikano wa aina moja nao ni tatizo. Baltimore Orioles, kuanzia 2019 hadi 2022, walitumia chaguo zao za juu kwa wapigaji: Adley Rutschman, Gunnar Henderson, Heston Kjerstad, Jordan Westburg, Colton Cowser, Jackson Holliday. Mpigaji wa chuo ana hatari ndogo kuliko mrushaji, na mwaka 2023 walishinda michezo 101. Ila warushaji hawakukua kwa kasi ileile. Februari 2024 ikabidi watoe vijana wawili na chaguo la drafti ili kumpata Corbin Burnes, aliyekaa msimu mmoja akaondoka. Mwaka 2025 timu ikashinda 75 tu. Wapigaji juu ni mkakati mzuri, mradi raundi za 3 hadi 12 zijae warushaji na klabu iwe na shule ya kweli ya kuwafundisha.

8. Kalenda ya Novemba

Aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini analindwa kwa misimu mitano asichukuliwe na klabu nyingine. Wa 19 na zaidi, minne. Wa sekondari aliyesaini 2025 akiwa na miaka 18 anafikiwa Desemba 2029, wa chuo Desemba 2028. Baada ya hapo, asipoingizwa kwenye orodha ya wachezaji 40 ambao klabu inawashikilia kwa ajili ya Ligi Kuu kufikia Novemba, klabu nyingine inaweza kumchukua kwa dola 100,000, mradi imweke Ligi Kuu msimu mzima. Ndivyo Brooklyn Dodgers walivyompoteza Roberto Clemente kwa Pittsburgh mwaka 1954.

Ukimwingiza kwenye 40, saa nyingine inaanza: una misimu mitatu ya kumpeleka ligi ndogo na kumrudisha. Kwa hiyo usimwingize mapema anayehitaji miaka minne zaidi. Kwa aliye tayari na aliye kwenye orodha kuu za chipukizi 100 bora, mpandishe mwanzoni mwa msimu. Akipata siku 172 za huduma katika Ligi Kuu na kushinda tuzo ya chipukizi bora, klabu hupewa chaguo la ziada baada ya raundi ya kwanza. Seattle Mariners walilipata kupitia Julio Rodríguez na kulitumia 2023, katika nafasi ya 29. Chapisha majina ya wote wanaofikiwa katika Novemba tatu zijazo, yabandike kwenye ukuta wa chumba cha drafti, na uyasome kabla ya kuanza orodha ya Julai inayofuata.